Wapokeaji wa barua pepe za tahadhari kwenye kidhibiti cha chumba cha baridi: nani aandikwe, na aandikwe vipi?

Msimamizi wa Ghala, Amu

Assalamu alaikum ndugu zangu mafundi, na wote mnaosimamia mitambo inayojiendesha yenyewe.

Ninasimamia chumba cha baridi cha samaki hapa Amu. Kina sehemu mbili: moja ya kugandisha, ambayo joto lake halitakiwi kupanda juu ya nyuzi 18 chini ya sifuri, na nyingine ya samaki wabichi waliolazwa kwenye barafu, ambayo hukaa karibu na sifuri. Tumefungiwa kidhibiti kinachosoma vihisi vya joto, milango, kompresa na umeme, na kikiona jambo halikukaa sawa hutuma barua pepe chenyewe bila kumsubiri mtu. Mipangilio yake hufunguliwa kwa kivinjari kutoka kompyuta ya ofisini. Kwenye ukurasa wa barua pepe kuna nafasi ya seva, poti, anwani ya mtumaji na nenosiri, na chini yake visanduku viwili vya wapokeaji, kundi A na kundi B. Kila tahadhari inaweza kuelekezwa kundi mojawapo, lakini mkandarasi aliyetufungia alielekeza zote kundi A na kuliacha kundi B tupu.

Katika kundi A aliandika anwani tatu: yangu, ya mwenyekiti, na ya fundi wa zamu ambaye baadaye aliacha kazi. Mwanzoni barua zilifika vizuri. Siku hizi haziji kabisa. Nikiacha anwani yangu peke yake na kubonyeza kitufe cha kujaribu, barua inafika papo hapo. Nikizirudisha zote tatu, kimya. Ningependa kuelewa sababu kabla sijaanza kubadilisha kila kitu.

Jambo la pili ni kwamba zilipokuwa zikija zilikuja nyingi mno. Mashua zikiingia na nguru au kamba, mlango hufunguliwa na kufungwa asubuhi nzima, na kila mara sote watatu tulipelekewa barua, hata mwenyekiti akaomba jina lake liondolewe. Tena sasa wanakamati wengine, baada ya kusikia habari za mfumo huu, wanataka nao waandikwe wote. Naomba ushauri wa mtu aliyewahi kupanga orodha ya namna hii ikafanya kazi, kwa sababu ndani ya chumba hicho kuna jasho la wavuvi wengi, na siku joto litakapopanda usiku nataka barua imfikie mtu atakayeinuka.

Fundi wa Majokofu, Malindi

Wa alaikum salaam, Bwana Msimamizi. Kwa dalili ulizozieleza, seva haina tatizo wala nenosiri halina tatizo, kwa kuwa jaribio la anwani moja linapita. Kasoro imo kwenye orodha yenyewe, na anwani ninayoishuku ni ya fundi aliyeondoka.

Kidhibiti kinapotuma barua hakiikabidhi orodha nzima kwa mkupuo. Kwa itifaki ya SMTP, yaani kanuni za kupelekea barua pepe, ambayo imekuwapo tangu 1982, mtumaji hujitambulisha kwanza, kisha humtaja mpokeaji mmoja mmoja, na seva hujibu kwa kila jina kivyake: 250 maana yake amekubaliwa, 550 maana yake sanduku hilo halipo au haliruhusiwi. Majina yakishatajwa yote ndipo maandishi yenyewe yanapopelekwa. Seva kubwa za barua zikikataliwa jina moja huendelea na yaliyobaki, lakini baadhi ya vidhibiti vidogo havikuandikiwa programu yenye subira hiyo. Vikipata jibu la kukataa kwa jina lolote, hukata mawasiliano hapo hapo, na anwani zilizo hai hukosa barua kwa sababu ya anwani moja iliyokufa. Kama anwani ya fundi huyo ilikuwa ya kikoa chenu wenyewe (kikoa ni ile sehemu ya anwani inayofuata alama ya @), na ikafutwa baada ya yeye kuondoka, basi mambo yanaelekea kuwa hivyo kwenu.

Ingekuwa anwani yake ni ya kampuni nyingine, mambo yangekwenda kwa njia tofauti kidogo. Seva yenu ingeipokea barua, ingejaribu kuipeleka, na ikishindwa ingemrudishia mtumaji taarifa ya kushindwa. Mtumaji ni mashine, na sanduku la mashine kwa kawaida halina anayelifungua, kwa hiyo taarifa hizo hurundikana bila kusomwa. Nakushauri sanduku hilo liwe na mtu anayelipitia, au barua zake zielekezwe kwako.

Fungua kumbukumbu za matukio za kidhibiti, utafute saa ulipojaribu na anwani tatu, uangalie namba ya jibu. Ukiona 550, ni hayo niliyoyasema. Ukiona 535, jina la mtumaji au nenosiri limekataliwa. Jambo hili huwapata sana wanaotumia akaunti za Gmail, kwa sababu tangu tarehe 30 Mei 2022 Google iliacha kuruhusu akaunti binafsi kuingiwa na vifaa kwa jina na nenosiri la kawaida pekee. Sharti uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, kisha utengeneze nenosiri maalumu la herufi 16 kwa ajili ya kifaa hicho. Ukiona 451 au namba nyingine inayoanza na 4, seva imesema "jaribu tena baadaye", na hapo itabidi usome kijitabu ujue kama kidhibiti chako hujaribu tena au huitupa barua.

Angalia pia alama inayotenganisha anwani. Kanuni za barua pepe hutumia koma, lakini vifaa vingine hutaka nukta-mkato, na vingine hudai kila anwani izungushiwe mabano yenye ncha. Alama ikikosewa, kifaa husoma anwani mbili kama anwani moja ndefu isiyokuwepo popote. Nafasi tupu iliyojificha mwishoni mwa anwani, ambayo mara nyingi huingia mtu anaponakili na kubandika, nayo yatosha kuharibu.

Mwendesha Mitambo, Mokowe

Ndugu Fundi ameeleza vizuri upande wa mashine, nami ningependa kuingia upande wa watu, kwa sababu hata hitilafu hiyo ikirekebishwa leo, mfumo huo bado utakuwa unapiga kelele asubuhi nzima na kuwazoesha wahusika kutosoma.

Barua inayosema mlango umefunguliwa, wakati mashua ziko gatini na kila mtu anajua mlango umefunguliwa, si tahadhari. Kiwango cha ISA-18.2 cha usimamizi wa tahadhari viwandani, kilichotolewa 2009, kinataka tahadhari iwe ni jambo linalomdai mwendeshaji achukue hatua kwa wakati. Kama hakuna hatua ya kuchukua, jambo hilo liandikwe kwenye kumbukumbu na lisimpelekee mtu yeyote barua. Wenye viwanda vikubwa walijifunza haya kwa gharama. Tarehe 24 Julai 1994 kulitokea mlipuko katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Milford Haven, huko Wales, na uchunguzi ulionyesha kwamba katika dakika 11 za mwisho wahudumu wawili walikabiliwa na tahadhari 275. Mwongozo wa 191 wa EEMUA, chama cha watumiaji wa vifaa vya uhandisi, uliotoka mara ya kwanza 1999, ukapendekeza kwamba katika hali ya kawaida mwendeshaji mmoja asipewe zaidi ya tahadhari moja kwa kila dakika kumi kwa wastani. Chumba cha samaki si kiwanda cha mafuta, lakini msimamizi aliyepokea barua ishirini za mlango kabla ya adhuhuri hataifungua ya ishirini na moja, na hiyo ndiyo itakayokuwa ya kompresa.

Kwa hiyo kabla ya kugusa wapokeaji, pitia kila tahadhari uipe muda wa kusubiri. Mlango usilalamikiwe mpaka ukae wazi kwa muda ambao kwa desturi ya kazi yenu ni mrefu kupita kiasi. Dakika kumi ni mwanzo mzuri, kisha mtarekebisha wenyewe. Joto la hewa nalo hupanda kila mashine inapojiyeyusha barafu kwenye mabomba yake, na kupanda huko ni kwa kawaida, basi tahadhari ya joto ingoje hadi mzunguko huo umalizike na hewa irudi chini. Kama kidhibiti kina nafasi ya kihisi cha ziada, zamisha kimoja ndani ya chupa ndogo ya glaikoli, kimiminika kisichoganda upesi, uiweke rafuni katikati ya samaki. Kihisi kilichozamishwa hupanda polepole kama samaki mwenyewe anavyopata joto, na hakishtuki kwa upepo wa mlango. Barua ya dharura ningeifunga na kihisi hicho, na cha hewa ningekiacha kwa ajili ya kumbukumbu.

Kuhusu kamati, waswahili walishasema manahodha wengi chombo huenda mrama. Ukiwaandika watu kumi kwenye barua ya saa nane usiku, kila mmoja ataamini kwamba mwenzake ameshakwenda kutazama. Kundi A liwe la mtu wa zamu na msaidizi wake tu, wanaokaa karibu na wenye ufunguo wa chumba. Aliyeko Mombasa kwa shughuli zake, hata awe na cheo gani, hawezi kuwasha jenereta ya Amu.

Msimamizi wa Ghala, Amu

Nawashukuru sana nyote wawili. Nimefungua kumbukumbu, na kila jaribio la anwani tatu lina 550 kwenye jina la yule fundi aliyeondoka. Sanduku lake lilifutwa na anayetutunzia kikoa. Nimeitoa anwani hiyo na barua zinakuja. Muda wa kusubiri nimeuweka kama alivyoshauri Mwendesha Mitambo, na chupa ya glaikoli nitaitafuta.

Sasa nimebaki na jambo ambalo sijaliamua. Zamu yetu hubadilika kila wiki, na sipendi kuingia kwenye kidhibiti kila Jumamosi kuandika jina jipya, kwa kuwa aliye na nenosiri la ukurasa huo anaweza pia kubadilisha kiwango cha joto. Je, ni bora majina yakae ndani ya kidhibiti, au niandike anwani moja tu ya zamu, kisha watu wapangwe nyuma yake kwenye seva ya barua?

Mtunza Seva, Malindi

Bwana Msimamizi, mimi ningeandika anwani ya kazi badala ya anwani ya mtu. Ndani ya kidhibiti pawe na zamu@ ikifuatiwa na kikoa chenu, na kwenye seva anwani hiyo iwe ni kundi linalowapelekea walioko zamuni. Mtu akiajiriwa, akienda likizo au akiacha kazi, unabadilisha kundi na kidhibiti hakiguswi. Tatizo lililokupata halitajirudia kwa sura ile ile, kwa sababu kidhibiti kitamtaja mpokeaji mmoja ambaye yupo daima, na seva ndiyo itakayobeba kazi ya kugawa na ya kujaribu tena pale mpokeaji asipopatikana. Kwa kanuni za SMTP seva inatakiwa iendelee kujaribu kwa siku nne au tano kabla ya kukata tamaa, jambo ambalo kidhibiti kidogo hakina kumbukumbu ya kulifanya. Vilevile visanduku vya vidhibiti vingi vina kikomo cha herufi, na anwani ndefu tatu au nne hujaza nafasi yote, ya mwisho ikakatwa katikati bila onyo.

Ukitengeneza kundi, hakikisha mambo mawili. Kwanza, makundi mengi huja yakiwa yamezuiwa kupokea barua kutoka nje ya kikoa. Kama kidhibiti chako kinatuma kwa akaunti ya kikoa kingine, barua itakataliwa mpaka umruhusu mtumaji huyo kwa jina lake. Pili, mtumaji atumie seva ya kikoa kile kile kinachoonekana kwenye anwani yake. Ukiandika kwamba barua imetoka kwa kikoa chenu ilhali imepitia seva isiyotajwa kwenye rekodi ya SPF, yaani orodha ya seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa, wapokeaji wataiona kuwa ya kughushi na kuitupa kwenye taka. Hapo utasema mfumo hautumi, kumbe unatuma.

Kuhusu faragha, anwani ya barua inayomtambulisha mtu ni data binafsi kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019. Kuendelea kumpelekea aliyeacha kazi habari za ghala kuna athari pande zote mbili, kwake na kwenu. Wanakamati nao mnaweza kuwapa kundi B, lakini liwe la muhtasari wa wiki: joto la juu na la chini la kila siku, na saa ambazo umeme ulikatika. Ukiwaweka kama wapokeaji waliofichwa, majina yao hayaonekani kwenye barua lakini seva hutajiwa kama wengine. Basi msidhani kwamba anwani iliyofichwa na iliyokufa haiwezi kuleta 550.

Fundi wa Majokofu, Malindi

Nakubaliana na ndugu yangu Mtunza Seva kwa sehemu kubwa, ila siwezi kuunga mkono kwamba anwani ya kundi ikae peke yake. Kundi likiachwa bila mtu ndani, kwa mfano aliyemaliza zamu akajitoa na anayeingia hakuingizwa, seva inaweza kuipokea barua kwa 250 na isimfikie yeyote. Kidhibiti kitaandika kwamba kimefanikiwa, na kumbukumbu hazitakuonyesha lolote. Mimi huandika anwani mbili: ya kundi la zamu, na moja ya moja kwa moja ya msimamizi mwenyewe kwenye mtoa huduma tofauti. Seva ya kikoa ikilala, ya pili inapita.

Ningependa pia Bwana Msimamizi afikirie njia yenyewe ambayo barua inapita kutoka ghalani. Tahadhari unayoihitaji kuliko zote ni ya kukatika umeme, na ndiyo ambayo mara nyingi haiondoki, kwa sababu kidhibiti kina betri yake lakini rauta iliyoko ofisini haina. Umeme ukienda, rauta inazimika sekunde ile ile, na barua haina pa kupitia. Rauta, swichi ya mtandao na modemu ziunganishwe kwenye betri moja ya akiba pamoja na kidhibiti, kisha mchana mmoja, mkiwa wote mpo, zima swichi kuu kwa makusudi na uone kama barua inatoka. Kitufe cha kujaribu hakithibitishi jambo hili, kwa sababu hukibonyeza umeme ukiwapo.

Kama kukatika huko huzidi nguvu ya betri, kidhibiti kitazimika, na kikiwaka tena saa yake inaweza kurudi nyuma miaka mingi endapo betri ndogo ya saa imekwisha. Cheti cha usalama cha seva huwa na tarehe ya kuanza na ya kwisha, kwa hiyo kidhibiti kinachoamini kwamba tuko mwaka 2000 kitakikataa cheti na kukataa kutuma kwa poti 465 au 587. Wengi wakifika hapo huzima usimbaji, yaani ule ufichaji wa maandishi yakiwa njiani, ili barua ipite, na nenosiri huanza kusafiri wazi. Usifanye hivyo. Kipe kidhibiti anwani ya seva ya saa ya mtandaoni na uweke saa za Afrika Mashariki, yaani saa tatu mbele ya UTC, saa ya kimataifa, kijirekebishe chenyewe kila kinapowaka.

Mwendesha Mitambo, Mokowe

Ongezeni na barua ya kila siku, tafadhali. Kidhibiti kilichokufa hakitumi tahadhari, na kimya chake kinafanana kabisa na kimya cha siku njema. Panga barua fupi ya saa kumi na mbili jioni, wakati zamu zinapobadilishana, yenye joto la vyumba vyote viwili, na anayeingia zamu atie sahihi kwenye daftari kwamba imemfikia kwenye simu yake mwenyewe. Isipokuja hadi saa moja, ampigie msimamizi hapo hapo. Kwa njia hiyo unajaribu seva, kundi, mtandao na mpokeaji kwa pamoja, na unajua mapema kama jina la mtu wa zamu halijaingizwa.

Na maandishi ya tahadhari yenyewe yaandikwe kwa namna ambayo mtu aliyeamshwa usingizini ataelewa kwa kusoma mstari wa kichwa tu. "Tahadhari 07 sehemu 2" haimwambii kitu. "Chumba cha kugandisha: joto nyuzi 11 chini ya sifuri na linapanda, kompresa imesimama" inamtosha kujua avae viatu na achukue ufunguo gani.

Msimamizi wa Ghala, Amu

Allah awalipe kheri. Nimeandika anwani ya kundi la zamu na yangu ya pili, na barua ya jioni imepangwa kuanza leo. Jaribio la kuzima swichi kuu tutalifanya siku chumba kikiwa na mzigo mdogo. Nimeona kidhibiti kina pia nafasi ya laini ya simu kwa ajili ya ujumbe mfupi. Je, niitumie sambamba na barua pepe, au nitakuwa narudi kwenye wingi ule ule nilioukimbia?

Fundi wa Majokofu, Malindi

Itumie, lakini kwa tahadhari mbili tu: joto la kihisi kilichozamishwa, na kukatika kwa umeme. Ujumbe mfupi hauhitaji rauta, na mtu aliyelala huusikia zaidi kuliko barua. Andika namba kwa mtindo wa kimataifa, ikianza na +254, na uhakikishe laini ina salio la kutosha na haikai muda mrefu bila kutumiwa, maana laini isiyotumika hufungwa na kampuni ya simu. Elewa tu kwamba orodha ya namba ni orodha nyingine kabisa, haifuati kundi lililoko kwenye seva. Mtu akiondoka kazini, jina lake litolewe kwenye kundi na namba yake ifutwe kwenye kidhibiti siku hiyo hiyo, na baada ya kufuta ubonyeze kitufe cha kujaribu kwa zote mbili.